Wapumzishwe Wote Wawili

Mutomo
14 Februari 1999

Binti yangu Margaret,

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nne Februari, mwaka wa 1999. Nimekuwa mbali na Kitengela miaka sita na miezi miwili. Huku Mutomo wananiita Mzee wa Umaasaini. Mutomo hii ndiyo nchi ya baba yangu, lakini yeye aliiacha akiwa kijana akaenda kufanya kazi ya reli Kajiado, nami nikazaliwa pale, karibu na stesheni. Kwa hiyo Kajiado nilikuwa Mkamba, na Ukambani ni mtu wa Kajiado. Silalamiki. Umeniuliza kama ninazeeka vizuri, nami nakuandikia ilivyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa wasiwasi. Unasema kiwanda cha ngozi kinapunguza watu. Bwana Makau, meneja wa wafanyakazi, anakubali timu ya mpira wa vikapu iendelee, lakini nafasi za kazi wanazopewa wachezaji zitapungua, na anaona kila nafasi iliyoshikwa na mzee ni nafasi aliyonyimwa kijana aliyetoka sekondari juzi na anayeruka kama swala. Kocha wenu mpya, Gideon, anakubaliana naye. Sasa wewe, katibu wa timu, unaniuliza mimi niliyeianzisha kama Kitengela inaweza kumudu kuendelea kuwa na wachezaji wetu wakongwe, Simel na Katoo.

Ningependa kukujibu kama mtu asiye na upande, lakini ninao. Unaikumbuka Desemba ile ya uchaguzi, karatasi zisizo na jina zilipotupwa kwenye milango yetu sisi tulioambiwa tumetoka kwingine, zikitutaka tuhame. Simel na Katoo walikuja na fimbo zao wakaketi mlangoni pangu, na hawakuondoka mpaka lori lilipopatikana. Katoo alibeba masanduku yangu ya vitabu begani, akinung'unika: "Mwalimu, hii elimu yako ni nzito kuliko ng'ombe mgonjwa." Siwezi kuwapima watu hao kama Bwana Makau anavyopima mashine.

Hata hivyo nitasema la kweli. Simel ana miaka thelathini na minane na kasi yake imekwisha. Kilichobaki ni kile ambacho kijana hawezi kupewa kwa mazoezi: anajua mpira utaangukia wapi kabla haujarushwa. Katoo goti limeharibika, lakini akisimama chini ya kikapu hakuna wa kumsogeza, na Simel humpa mpira bila kumtazama, kama mtu anavyonyoosha mkono gizani ndani ya nyumba yake akapata kibiriti. Ukimchukua mmoja ukamwacha mwingine umepata nusu ya mchezaji.

Ushauri wangu ni mmoja. Simel na Katoo wapumzishwe mapema, wote wawili pamoja, kabla watu hawajawaona wamechoka. Vijana wakimbie. Wazee hawa wamekimbia vya kutosha. Ukipenda, wasomee kamati maneno haya. Lililobaki sina haja ya kuliandika, maana wewe mwenyewe ulikaa kwenye benchi langu na unaijua njia yangu.

Nisalimie mama yako huko Kimuka.

Wako,
Ndambuki Mulinge


Kitengela
9 Machi 1999

Mwalimu,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewa kujibu. Huku tuko salama, mvua bado.

Barua niliisomea kamati. Bwana Makau alivua miwani, akasema, "Kama Ndambuki mwenyewe amesema hivyo, mimi ni nani?" Hakuna mtu alibishana. Hata Gideon, na unajua huyo kijana akipewa nafasi ya kuongea anaweza kuongea mpaka chai ipoe.

Kwa hivyo Simel na Katoo wamepumzishwa kama ulivyoandika, wote wawili pamoja. Jumamosi iliyofuata tulicheza na timu moja ya Nakuru. Vijana walikimbia sana. Tulishindwa kwa vikapu vinne, lakini watu walipiga makofi, na wengine walisema ni mwanzo mzuri.

Sitaandika mengi leo. Niko na kazi imejaa mezani.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko kuna maziwa ya maana.

Wako mtiifu,
Margaret Nasieku


Mutomo
27 Machi 1999

Binti yangu,

Mwambie mama yako maziwa yapo, ila yanauzwa na watu wanaoyaonea haya kwa kuwa ni machache. Huko kwenu mtu hukasirika mgeni asipomaliza kibuyu.

Habari yako imenipa wiki ya furaha. Niliogopa kwamba wazee wale wawili wangekataa kupumzishwa. Simel hasa. Namkumbuka mwaka ule wa fainali, nilipomkalisha akakunja uso kama mtu aliyenyimwa mahari. Mwambie, kwa maneno yangu, kwamba kukaa kidogo si kufukuzwa. Na Katoo afunikwe goti kwa taulo anapokaa, lisipoe. Zamani nilikuwa na taulo la kijani la kazi hiyo, sijui lilikwenda wapi.

Kuna jambo moja sikulielewa. Mlishindwa kwa vikapu vinne tu. Hayo ni mapengo ambayo Simel na Katoo huyaziba kabla refa hajameza mate. Je, Gideon aliwaingiza saa ngapi? Asiwe mwoga wa kuwangoja. Timu ya Nakuru ikishachoka kukimbizana na watoto, hapo ndipo wanaingizwa watu wawili ambao hawana haraka. Mwenye haraka hawezi kumzuia asiye na haraka.

Nina kitabu kimoja juu ya vita vya zamani, kinasema majemadari wazuri walificha askari wao wazee nyuma ya kilima mpaka alasiri. Nilipokisoma nilimwona Katoo nyuma ya kilima, akilalamika juu ya jua.

Niandikie matokeo ya mchezo ujao, na uandike zaidi ya safari hii. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti.

Ndambuki


Mashuuru
20 Aprili 1999

Mwalimu, sopa.

Mimi si mtu wa kuandika, wewe unajua, ulinifundisha na ukachoka. Lakini nimeona ni vibaya nikae bila kukushukuru.

Hii barua inatoka Mashuuru, kwa ndugu yangu. Nyumba ya kiwanda nilirudisha mwisho wa mwezi wa pili. Tuliletwa na lori ya kubeba ngozi, na mpaka leo blanketi inanuka. Mama watoto, Nalotuesha, alilia juu ya ile nyumba. Alikuwa amezoea stima na maji ya mfereji, na watoto walikuwa karibu na shule. Nilimwambia hii si Makau ametufukuza, hii ni neno ya Mwalimu. Akanyamaza. Bado ananyamaza sana, lakini anapika.

Wacha nikuambie vile ilikuwa. Kabla ya ile mkutano, Gideon alinivuta kando. Akasema, "Mzee, wewe usijali, utabaki. Ni Katoo ndio anaenda. Goti yake ni ya kutupa." Nikamwambia, "Kijana, mimi na Katoo tulitahiriwa asubuhi moja. Kwetu hakuna mtu anatoa mtu mmoja kwa rika. Siku ya eunoto mama zetu walitunyoa sisi wote, tukawa wazee siku moja. Hakuna morani alibakishwa na nywele ati kwa sababu bado anajua kuruka." Akacheka. Akasema hii si manyatta, hii ni ligi.

Basi nikaingia kwa ile ofisi nikiwa nimeamua. Wakimtoa Katoo peke yake, natupa jezi kwa meza na naenda, bila kitu. Nasieku akasimama akasoma barua yako. Aliposoma "wote wawili pamoja," Mwalimu, mwili yangu ikatulia. Nikaangalia Katoo. Katoo akaniangalia. Makau akasema basi tutalipwa wote kama watu wamestaafu vizuri, na akatupa mkono.

Sasa nakuuliza, nani alikufunza? Wewe ni Mkamba, hamna morani. Lakini wewe peke yako ndio ulijua kwamba sisi tunapumzishwa pamoja. Haukututenganisha. Hiyo ni heshima kubwa, na nimeambia wazee wa hapa, na wamesema jina yako.

Katoo yuko Kajiado, anauza mbuzi sokoni. Anasema wateja wanamjia yeye kwanza kwa sababu anaonekana kutoka mbali.

Ashe, asante, Mwalimu.

Simel


Mutomo
3 Mei 1999

Margaret,

Nimepata barua ya Simel. Imeandikwa Mashuuru, si Kitengela. Nimeisoma nikiwa nimesimama posta, kisha nikakaa chini pale pale kwenye ngazi, mpaka karani akanijia na maji.

Mmefanya nini?

Neno nililoandika ni kupumzisha. Nimelitumia miaka kumi na mitano kwenye uwanja ule, na maana yake ilikuwa moja. Nasieku, pumzika. Katoo, pumzika. Ni kutoka, kukaa kwenye benchi, kunywa maji, na kungoja niite tena. Nilimaanisha wakae nusu ya kwanza, wote wawili, kwa sababu mmoja hana faida bila mwingine, kisha warudishwe pamoja dakika kumi za mwisho. Hilo ndilo nililosema unalijua. Ndiyo maana sikuliandika.

Najua ofisini neno hilo lina maana nyingine. Mtu anapumzishwa, maana yake ameachishwa kazi kwa adabu. Najua pia kwamba makanisani lina maana ya tatu. Nilipaswa kukumbuka barua itasomwa na watu wa ofisi. Nimesoma vitabu vingi kuliko wengi, na sikuliona shimo lililokuwa ndani ya neno langu mwenyewe.

Lakini mstari wa mwisho ungewaonyesha. Niliandika kwamba wewe ulikaa kwenye benchi langu. Mtu yeyote aliyesikia neno benchi angeuliza.

Isome barua hii mbele ya kamati, yote, bila kuruka neno. Mwambie Bwana Makau kwamba Ndambuki hakumstaafisha mtu. Nyumba warudishiwe. Nalotuesha ananyamaza, Margaret. Mwanamke huyo alinipa uji nilipokuwa nafunga mizigo yangu, na leo nimemhamisha mimi.

Nijibu upesi.

Ndambuki Mulinge


Kitengela
25 Mei 1999

Mwalimu,

Shikamoo, hata kama hutataka kuiitikia.

Barua yako sijaisomea kamati. Iko kwenye mkoba wangu. Nitakuambia kwa nini, halafu utaamua, na ukisema niisome nitaisoma.

Nilijua ulimaanisha benchi. Nilijua nilipofika kwenye hilo neno mara ya kwanza, niko peke yangu jikoni. Ningewezaje kukosa kujua? Nikiwa timu yako ya wasichana ulinipigia kelele "Nasieku, pumzika!" mpaka mama yangu akadhani nina ugonjwa. Ule mstari wa benchi sikuusoma kwa kamati. Niliukunja ndani ya karatasi, nikashika hapo na kidole.

Huko mbali hukuona vile mambo yalikuwa. Mashabiki wenyewe walikuwa wameanza. Katoo akianguka, mtu anapiga kelele, "Babu, rudi ukakamue!" na uwanja wote unacheka, hata watu wenye umri wake. Kamati ilikuwa imeshakata shauri kabla ya barua yako. Bwana Makau alisema hivi, nayakumbuka maneno yake: "Madam, huyu mrefu aende kwa sababu ya afya. Goti si letu, alikuja nalo. Huyu mwingine abaki msimu mmoja, tumkamue, halafu tuone." Mtu akiondolewa kwa sababu ya afya, halafu iandikwe goti alikuja nalo, anaenda mikono mitupu. Na Simel alikuwa ameniambia ataondoka na Katoo. Akiondoka mwenyewe, naye anaenda mikono mitupu. Ningewapoteza wote wawili, na hakuna hata mmoja angepata kitu baada ya miaka yote hiyo kwenye mapipa ya dawa ya ngozi.

Halafu barua yako ikaja. Kuna watu wawili tu ambao Bwana Makau hawezi kubishana nao, mkubwa wake na wewe. Nilisoma, na kila mtu akasikia alichotaka kusikia. Makau akasikia amepata nafasi mbili. Simel akasikia rika lake. Nikaona Simel akishusha mabega, nikasema moyoni, basi, liwe hivyo.

Sitakudanganya kwamba niliwafikiria wao tu. Kiwanda kilisema bila nafasi mbili kuachwa kabla mwaka haujaisha, timu inafungwa. Timu ikifungwa, katibu wa timu ni wa nini? Niko na watoto watatu na hakuna mtu wa kunisaidia. Hilo pia lilikuwa ndani ya kidole changu.

Sasa sikia yaliyobaki. Tumeshindwa michezo mitano. Vijana wanakimbia vizuri sana, wanakimbia hata pale ambapo hakuna haja. Makau ameanza kumtaka Simel. Simel peke yake, mpaka ligi iishe, bila nyumba, na yale malipo ya kustaafu arudishe. Nikisoma barua yako, atasema ilikuwa makosa ya lugha, atamwita Simel arudi, na Katoo atahesabiwa upya kama mtu wa goti.

Jambo lingine ni juu yako. Jumamosi ya pili ya Agosti kutakuwa na sherehe ya kuwaaga wote wawili uwanjani. Kamati inataka wewe ndiwe uwavue jezi. Makau atatuma gari Mutomo. Na si kwa siku moja, Mwalimu. Kuna nyumba ndogo karibu na uwanja, ilikuwa ya mlinzi, ina vyumba viwili. Wanataka ukae, uwe mshauri wa timu. Niliuliza wazee wa hapa mmoja mmoja. Wanaozikumbuka zile karatasi wanaona aibu. Mmoja aliniambia, "Mwambie aje, hata sisi tumechoka kumkosa." Unaweza kurudi nyumbani.

Nilitaka nikuandikie hilo peke yake, bila haya mengine. Sikuweza kulitenga.

Margaret Nasieku


Mashuuru
18 Juni 1999

Mwalimu, sopa.

Nimesikia unakuja mwezi wa nane. Nalotuesha amesikia pia, na jana alinisemesha maneno mengi, karibu niite watu.

Lakini kuna kitu. Gideon alipita soko ya Kajiado, akamwambia Katoo mbele ya watu, "Mzee wenu hakusema mstaafu. Alisema mkae benchi. Nyinyi mlitoka kwa sababu ya Kiswahili." Watu wakacheka. Katoo aliuza mbuzi mbili kwa bei ya hasira na akaenda nyumbani.

Sijui huyo kijana ametoa wapi hiyo maneno. Labda anabahatisha. Makau pia ameniita nirudi, mimi peke yangu. Nimemwambia nangoja Mwalimu.

Mimi sitaki kuuliza kwa karatasi. Ukija tutakaa chini, wewe na mimi, nikuangalie kwa macho, nikuulize ulimaanisha nini. Ukisema ni vile nilisikia, nitamwambia Gideon afunge mdomo, na Katoo atalala. Ukisema ni benchi, basi mimi nilitoka kwa nyumba ya stima kwa sababu ya neno moja, na rafiki yangu alitolewa kama goti. Hata hiyo nitaibeba. Lakini nataka kuisikia kwa mdomo yako.

Uje.

Simel


Mutomo
4 Julai 1999

Binti yangu Margaret,

Naiitikia shikamoo yako. Marahaba.

Nilikaa na barua yako mwezi mzima nikiwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na mahali pa kwenda mpaka nilipoipata ya Simel. Anataka kuniuliza. Ukiisoma barua yangu ya Mei, jibu lake atalipata ofisini, mbele ya Gideon. Usiisome. Ichome.

Sisemi ulifanya vizuri. Ulitumia jina langu bila idhini, na Nalotuesha anachota maji mbali kwa sababu hiyo. Lakini nimejaribu kila namna kuupanga upya mkutano ule, na kila nikimaliza namwona Katoo anatoka mlangoni peke yake. Uliniuliza mwanzoni kama timu inaweza kumudu kuwaweka. Nilikujibu kama kocha, kwa kuhesabu dakika. Sasa naona timu ilishindwa kumudu jambo dogo zaidi, kuwaaga kama watu. Hilo lilifanywa na kidole chako na neno langu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kisafi.

Nimeanza kufunga mizigo mara mbili. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani mwaliko ulikuwa mwepesi kwangu. Vyumba viwili karibu na uwanja. Nilikuwa nimeshaamua kipi kitakuwa cha vitabu. Niliwaza asubuhi za kule, upepo unavyotoka tambarare na baridi yake, na mpira unavyolia kwenye saruji kabla mtu hajaonekana.

Lakini nikija, Simel ataketi mbele yangu. Kwenye karatasi ninaweza kuchagua sentensi iliyo kweli na nikaishia hapo. Mbele yake siwezi. Alinitazama miaka kumi na mitano akingoja nimwambie aingie au atoke, na anaujua uso wangu kuliko kioo changu kinavyoujua. Hataniuliza hata mara ya pili. Na Katoo atakuwa amesimama nyuma yake.

Jezi wavue wewe. Ulikuwa kwenye benchi langu, una haki hiyo. Wavuliwe kwa wakati mmoja.

Ndambuki


Mutomo
4 Julai 1999

Ipa, Simel.

Barua yako nimeipata. Mwandiko wako umetengenea, au macho yangu yameharibika.

Unataka kujua nilimaanisha nini. Nitakuandikia sasa, usingoje. Niliandika mpumzishwe wote wawili pamoja kwa sababu sikuwahi kuwaona kama watu wawili wa kutenganishwa, na kwa sababu sikutaka watu wawatazame mmechoka wacheke. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwangu nilipoliandika neno lile, na moyoni mwangu liko vilevile leo. Mpe Katoo maneno hayo kama yalivyo. Mwambie pia kwamba mfanyabiashara hauzi mbuzi kwa bei ya hasira kwa sababu ya kijana anayeshindwa michezo mitano mfululizo.

Juu ya wito wa Bwana Makau, wewe ndiwe utakayeamua. Ujue tu kwamba nyumba haimo ndani yake, na kwamba akimaliza msimu hatakutafutia mtu wa kutoka naye.

Nalotuesha umwambie ninamkumbuka, na kwamba namwomba radhi kwa ajili ya maji. Hataelewa kwa nini mimi ndiye ninayeomba. Mwambie hivyo hivyo.

Agosti mtavuliwa jezi na Nasieku. Simameni wima. Katoo asiinamishe kichwa ili kumsaidia, amwache apande kiti.

Mwambie Bwana Makau asitume gari. Ile nyumba ya mlinzi apewe mtu mwingine.

Mimi sitarudi Kitengela.

Mwalimu wako,
Ndambuki Mulinge